Msasa Usile Faiba: Kuchubua Spoila ya Lori Kabla ya Rangi Mpya

Lori linalotoka Dar es Salaam hufika Tunduma likiwa limeshamaliza zaidi ya kilomita 900, limepanda mlima wa Kitonga, limekula vumbi na jua njia nzima. Kinachopokea kipigo cha kwanza ni ile spoila iliyo juu ya kabini, inayokata upepo. Mawe yanayorushwa na lori la mbele, matawi ya miti, jua la saa saba, umande wa alfajiri, vyote vinaishia pale. Tangu marais John Magufuli na Edgar Lungu wazindue kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, upande wa Zambia, tarehe 5 Oktoba 2019, nyaraka zimepata njia fupi zaidi, lakini foleni haijaisha. Na lori likisimama kwenye foleni, dereva hutazama juu, anaona spoila imepasukapasuka kama si yake, anaita fundi rangi.

Mwongozo huu ni wako wewe fundi unayeitwa, au wewe mwenye lori unayetaka kujua kama kazi unayolipia inafanywa sawasawa. Nitazungumzia zaidi kuchubua, maana kupuliza rangi wengi wanakujua. Spoila nyingi zinazorudi gereji baada ya miezi michache hazirudishwi na rangi mbaya. Zinarudishwa na msasa uliopigwa vibaya chini ya rangi nzuri.

Kwanza hakikisha spoila yenyewe ni faiba. Malori mengi, hasa ya karibuni, yana spoila na bampa za plastiki, na plastiki haichubuliwi kwa namna hii. Tazama upande wa ndani. Faiba ya mkeka ina ndani iliyo mbaya, yenye nyuzi za kioo zilizolala ovyo na rizini iliyokaukia juu yake. Plastiki ni laini pande zote, na mara nyingi viwanda huchapa herufi kwa ndani: ABS au PP ni plastiki, UP-GF au SMC ni jamii ya faiba. Hizo herufi zitafute kabla hujashika asetoni, kwa sababu asetoni inayopangusa faiba bila shida inaweza kuyeyusha ABS mkononi mwako.

Faiba iliyotengenezwa kwenye kalibu ina ngozi ya juu inayoitwa jelikoti. Ni rizini iliyochanganywa na rangi, inayopulizwa au kupakwa kwenye kalibu kabla nyuzi hazijawekwa. Kazi yake ni kung'aa na kuzuia maji na jua visifike kwenye nyuzi. Unene wake, kwa kawaida, ni kati ya nusu milimita na milimita moja kasoro, yaani kama ukucha wako. Nguvu ya spoila haiko hapo. Iko kwenye mkeka wa nyuzi ulio chini yake. Basi kazi yote ya kuchubua ni kuondoa kitu chembamba kama ukucha bila kugusa kinachokishikilia, juu ya umbo lenye mikunjo, mabonde na kona. Anayekwambia kazi hiyo ni ya nusu saa kwa grinda hajakwambia nani atalipa spoila ikitoboka.

Kabla ya kuchubua chochote, jiulize kama kuna haja. Pitisha kiganja kavu juu ya spoila. Kikitoka na unga mweupe na hakuna mpasuko wowote, jelikoti imechoshwa na jua juujuu tu. Hapo msasa wa maji namba 800, kisha 1200, kisha polishi, utairudisha bila kupaka rangi kabisa. Fundi anayependa hela ya haraka hatakwambia hivyo. Wewe mwambie mteja. Atarudi na lori la pili.

Mipasuko nayo ina lugha yake. Ile midogo midogo iliyosambaa kama mtandao, bila mpangilio, ni ya uzee: jua, joto la mchana na baridi ya usiku vimeikausha jelikoti hadi ikashindwa kunyumbuka. Hiyo inataka kuchubuliwa hadi mwisho wa mpasuko, na rangi mpya ikipakwa juu yake bila kuchubua, mpasuko utatokeza tena mahali palepale. Mipasuko iliyolala sambamba karibu na bolti au kwenye kona inasema spoila inacheza: bolti imelegea au bano limevunjika. Rekebisha bano kwanza. Mipasuko inayotoka katikati na kusambaa pande zote kama miale ni ya kugongwa, na hapo huenda nyuzi za chini zimevunjika. Chukua sarafu ugonge taratibu eneo zima. Faiba nzima inalia sauti kali. Pale inapolia butu, tabaka zimeachana, na utalazimika kukwangua hadi kwenye nyuzi nzima, uweke mkeka mpya na rizini, kabla ya kuzungumzia rangi.

Ugonjwa huu wa uzee si wa malori peke yake. Ndege zisizo na injini, zile zinazoelea angani kwa upepo tu, zilianza kutengenezwa kwa faiba na Wajerumani. Ya kwanza, iliyoitwa Phönix, iliruka mwaka 1957. Nyingi za baadaye zilivikwa jelikoti nyeupe, na wamiliki wake hadi leo wanalia na mipasuko ileile kwa sababu ileile, jua na mabadiliko ya joto. Kuchubua ndege moja na kuipaka upya kunaweza kumaliza mamia ya saa, na kazi hiyo haiguswi na mtu asiye na leseni, kwa sababu gramu chache za rangi kwenye usukani wa bawa zinaweza kuitikisa ndege hadi ivunjike. Wewe wa Tunduma umepona hilo. Spoila ikizidi uzito kidogo, lori halitajua.

Sasa ishushe. Kuchubua spoila ikiwa juu ya kabini, utingo ameshika ngazi, ni kutafuta mguu uliovunjika, na vumbi lote litaingia kwenye mlango, kwenye godoro la dereva na kwenye chujio la hewa la injini. Fungua bolti, weka kila moja na washa yake kwenye kopo, ilaze spoila juu ya matairi chakavu yaliyofunikwa blanketi ili ishikiliwe sehemu nyingi. Faiba nyembamba isiyoshikiliwa chini hubonyea ukiikandamiza, na ikibonyea msasa unakula pembeni na kuacha katikati.

Jambo dogo la heshima: kama kuna maandishi, jina la mtoto, msemo, picha ya Simba au Yanga, muulize dereva kabla hujayafuta, na uyapige picha kwa simu. Madereva wengi wanasamehe rangi isiyolingana sana, lakini msemo uliopotea hawasamehe.

Kisha ioshe. Hatua hii inarukwa sana na ndiyo inayoharibu rangi nyingi. Juu ya spoila kuna moshi wa dizeli, mafuta, na nta ya polishi za miaka mingi. Ukianza na msasa, hutaviondoa, utavisukumia ndani ya mikwaruzo, na siku ya kupuliza utaona rangi inajikunja na kuacha vishimo vya duara. Wengi hulaumu thina. Osha kwa maji na sabuni ya unga, suuza sana, acha ikauke. Halafu chukua vitambaa viwili safi: cha kwanza chenye asetoni au dawa ya kuondoa mafuta, cha pili kikavu, kinachofuata nyuma kabla majimaji hayajakauka. Geuza kitambaa kila baada ya muda. Kitambaa kimoja kichafu kinazungusha mafuta tu. Na tazama jiko la mkaa la mama lishe liko wapi. Mvuke wa asetoni ni mzito, unatambaa chini na unashika moto kutoka mbali.

Usitumie dawa ya kuchubulia rangi, ile inayopakwa na rangi ikavimba na kubanduka. Kwenye bati ni sawa. Kwenye faiba haijui tofauti kati ya rangi na rizini, inakula zote mbili, na inajificha ndani ya nyuzi ikisubiri kubandua rangi yako mpya. Usitumie moto wala mashine ya hewa moto, maana rizini hulegea. Na grinda yenye disiki ya msasa iweke mbali. Inazunguka zaidi ya mara elfu kumi kwa dakika, inachoma na kuchimba shimo la mviringo kabla jicho halijaona. Ina kazi yake pale unapofungua mpasuko wa kugongwa ili uweke mkeka, basi.

Kinachofaa ni mashine ya msasa inayotikisika huku ikizunguka, ya umeme au ya upepo. Ya upepo hunywa hewa nyingi, na kompresa ndogo ya kujazia matairi haitaiweza. Utafanya kazi dakika mbili, usubiri tano. Kama huna, kibao na mkono wako vinatosha kwa spoila moja. Kibao kiwe kirefu kwenye sehemu tambarare, na kwenye mikunjo tumia kipande cha mpira kinachonyumbuka. Usipige msasa kwa vidole vitupu. Vidole huacha mifereji usiyoiona leo, utaiona rangi ikianza kung'aa.

Fanyia kazi kivulini. Faiba iliyokaa juani ina joto, rangi ya zamani inalainika na kuziba msasa, unabadilisha karatasi kila dakika na bado haukati.

Anza na namba 80 kama jelikoti ni nene na imepasuka sana, au 120 kama hujazoea. Mimi ningeshauri 120. Utachelewa kidogo, lakini 80 ikikosea inakosea kwa kina. Usikandamize. Acha karatasi ikate yenyewe, na ikiacha kukata itupe, kwa sababu msasa uliokufa unapasha joto tu. Pitisha kwa mshazari upande mmoja, kisha kwa mshazari wa upande wa pili, mikwaruzo ikatizane. Kabla ya kila awamu, puliza vumbi jepesi la rangi nyeusi ya kopo juu ya eneo zima, liwe kama limechafuka tu. Ukipiga msasa, weusi utabaki kwenye mabonde na kwenye mipasuko. Huo ndio unakuonyesha pa kuendelea, na bila huo unafanya kazi kwa kubahatisha.

Macho yako yakae kwenye rangi. Juu kuna rangi aliyopaka fundi wa zamani, pengine mbili au tatu, kila moja na pete yake. Kisha praima. Kisha jelikoti, nyeupe au ya kijivu, yenye rangi moja. Jelikoti inapokaribia kwisha hubadilika, inakuwa nyembamba, na chini yake inatokeza rangi ya kimanjano au ya kijani hafifu, inayopitisha mwanga kidogo. Ukianza kuona umbo la nyuzi kwa chini, kama kitambaa kilicho ndani ya maji, inua mkono. Hapo ndipo mwisho. Ukiona manyoya madogo yanasimama, umeshapita, na umeanza kukata kinachobeba spoila.

Kona na kingo huisha kwanza, kwa sababu uzito wote wa msasa hukusanyika pale. Zibandike selotepu ya karatasi mwanzoni, ufanye sehemu tambarare, kisha uitoe na umalizie kingo kwa mkono na namba 180. Sehemu ambazo jelikoti ni nzima na imeshika, huna haja ya kuimaliza. Ikwaruze tu hadi ififie sawasawa, bila alama inayong'aa. Lengo ni kufika mwisho wa mpasuko. Kufika mwisho wa jelikoti si sifa.

Utakutana na vitundu vidogo kama vya sindano. Ni hewa iliyonaswa tangu kiwandani, na msasa umeifungua. Kuvijaza kwa praima nzito hakusaidii: praima inafunika mdomo, hewa inabaki chini, na jua likipiga inatoboka. Chukua pati laini, isukume ndani kwa kipangusio cha mpira ukikandamiza, kwanza upande mmoja kisha wa pili, ikikauka piga 180. Pati isizidi milimita tatu. Penye shimo kubwa zaidi ya hapo panahitaji mkeka na rizini.

Ukichanganya rizini, soma kopo. Hadina, yaani dawa ya kuigandisha rizini ya mkeka, kwa kawaida ni asilimia 1 hadi 2, na baridi huichelewesha. Tunduma iko juu, na asubuhi za Juni na Julai zina baridi ya kutosha kuiacha rizini ikinata hadi mchana. Wengine huongeza hadina mara mbili. Rizini inachemka kwenye kopo, inakauka haraka na kuwa dhaifu. Ni afadhali usubiri jua lipande. Na kama rizini yako inakuja na kiharakishi chake pembeni, kile cha zambarau, kichanganye kwenye rizini kwanza na ukikoroge kabisa, ndipo utie hadina. Viwili hivyo vikikutana vyenyewe kwa vyenyewe vinaweza kulipuka. Hadina ikiruka jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka dakika 15 bila kuacha, kisha hospitali, usisubiri jioni.

Msasa wa maji una wakati wake. Ukishaona nyuzi popote, maji yapige marufuku. Nyuzi za kioo hunyonya maji kwa urefu wake na kuyaficha chini ya sehemu inayoonekana kavu. Ukipaka rangi juu, jua linayageuza mvuke na rangi inavimba malengelenge. Kwa hiyo kuchubua kufanyike kukavu, faiba izibwe kwa praima ya epoksi, ilale usiku mzima, na baada ya hapo ndipo msasa wa maji namba 320 na 400 uingie juu ya praima kabla ya rangi ya mwisho. Kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua za mkoa huu wa Songwe zinafanya hata hewa iwe na maji. Kazi ya namna hii ifanye chini ya paa, na ukipata mteja asiye na haraka mwambie alete kati ya Mei na Oktoba. Miezi hiyo tatizo lako litakuwa vumbi jekundu la mchana. Puliza praima asubuhi, upepo haujaamka.

Wale wa Ziwa Rukwa wenye mashua za faiba, habari ni hiyohiyo, ila mashua iliyokaa majini itataka wiki za kukauka, wala si siku.

Vumbi sasa. Kuwashwa mikono ndilo dogo kwa fundi wa faiba. Unga wa rizini na wa rangi ni mwembamba kuliko unavyouona, unashuka hadi ndani ya pafu, na rangi za zamani, hasa njano na nyekundu, huweza kuwa na risasi. Kitenge usoni hakizuii. Barakoa ya kitambaa tuliyozoea wakati wa Korona haizuii. Tafuta ile iliyoandikwa N95 au FFP2, ikae vizuri puani, au ya mpira yenye vichujio viwili pembeni. Na hiyo ya vumbi usiitegemee siku ya kupuliza rangi yenye hadina, ambayo ina kemikali inayoleta pumu isiyopona. Siku hiyo inatakiwa barakoa ya hewa safi inayotoka nje kwa bomba, na mahali penye upepo, watu wengine wakiwa mbali.

Vaa mikono mirefu, funga selotepu kwenye vifundo vya mikono juu ya glavu, weka miwani. Ukimaliza, oga kwa maji ya baridi bila kujisugua kwanza, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Ukizitia beseni moja na nguo za mtoto, umempelekea nyuzi shingoni. Vumbi la sakafuni lilowanishe, lifagie, ulifunge kwenye mfuko. Usilipulize kwa kompresa kuelekea barabarani, kuna watu wanauza ndizi pale. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga, na gereji haijaachwa nje.

Kwa muda, spoila moja iliyopasuka inataka siku mbili hadi tatu: moja ya kushusha, kuosha na kuchubua, usiku wa praima, na nyingine ya msasa wa maji na rangi. Dereva atakwambia nyaraka zake zinatoka kesho. Kama zinatoka kesho, mfungie spoila yake, avuke, mkubaliane afanyiwe akirudi kutoka Lubumbashi au Ndola. Na unapopanga bei, andika barakoa, glavu na misasa kama vitu vinavyonunuliwa, kila kimoja na bei yake kwenye karatasi, tajiri avione. Akitaka kupunguza, apunguze kwenye ufundi wako mkibishana, lakini barakoa usiifute.